Darasa Lisilo na Mahali: Chuo Kikuu cha Mtandaoni Kikitazamwa Kutoka Vudee

Utangulizi

Siku hizi katika ofisi za vyuo vikuu vyetu kuna msemo mpya unaopendwa sana, nao ni "umataifa wa nyumbani". Maana yake ni kwamba mwanafunzi hana haja ya kupanda ndege kwenda Ulaya au Marekani ndipo aitwe mwanafunzi wa kimataifa. Akae hapo hapo alipo, afungue kompyuta au simu yake, na darasa la kimataifa litamfuata. Makala haya yana nia ya kueleza jambo hilo ni nini, limetoka wapi na linafanyaje kazi, halafu kulihakiki kwa zana zetu wenyewe, yaani zana za fasihi.

Najua yupo msomaji atakayeuliza: mambo ya intaneti yanatafuta nini katika jarida la uhakiki? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba darasa nalo ni tukio la usemi. Kuna anayesema na anayesikiliza, kuna lugha, kuna mahali na wakati. Kama tunaweza kuhakiki ngano ya bibi jikoni na taarabu ukumbini, sioni kwa nini tushindwe kuihakiki Zoom.

Naandika nikiwa likizo Vudee, wilayani Same, katika milima ya Upare Kusini, ambako ndiko kwetu. Hilo nalitaja kwa sababu moja tu: Vudee imo ndani ya hoja. Kijito cha huku kwetu kimeshasomwa katika madarasa ya nje kuliko mwenyeji yeyote wa hapa anavyodhani, na mwenye kijito hakuwa na habari.

Ni kitu gani hasa?

Kwanza tutenganishe mambo, maana watu wanayachanganya. Kuna masomo yaliyorekodiwa na kuwekwa mtandaoni ili kila mwenye haja ajisomee; hayo ni sawa na kitabu chenye picha na sauti. Kuna elimu ya masafa, ambapo chuo kimoja kinamfundisha mwanafunzi wake aliye mbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili hiyo. Kitu cha tatu ndicho ninachokizungumzia mimi: walimu wawili wa vyuo viwili katika nchi mbili wanakubaliana kuunganisha madarasa yao kwa wiki kadhaa, wanafunzi wanapangwa katika vikundi vya mchanganyiko, wanasoma matini zile zile, wanajadiliana kwa video na kwa maandishi, na mwisho wanatoa kazi ya pamoja. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilifungua kituo maalumu cha kazi hiyo mwaka 2006, na baadaye Umoja wa Ulaya ukaendesha mradi wa majaribio wa mabadilishano ya vijana kwa mtandao kati ya 2018 na 2020.

Lakini tusidanganyike kwamba ni mambo mapya kabisa kwetu. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilizaliwa kikiwa cha masafa! Makerere iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya London hiyo hiyo. Mwanafunzi aliketi Kampala au Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na shahada yake ilikuwa ya London. Hakukuwa na skrini, lakini "darasa la kimataifa" lilikuwepo, na mkuu wake alijulikana. Ndiyo sababu mwaka 1968, pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipoandika kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, hoja yao haikuwa kukataa fasihi za watu wengine. Waliuliza nani awe katikati na nani awe pembeni. Swali hilo naomba tulikumbuke, kwa sababu mtandao haujalifuta.

Miaka ya tisini mwishoni kikaja Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni. Benki ya Dunia ilikianzisha mwaka 1997, na masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya Marekani Kaskazini na Ulaya hadi vituo vilivyokuwa katika vyuo kama Kenyatta na Makerere. Mwanafunzi wa huku alimwona profesa, profesa hakumwona mwanafunzi. Kwa lugha yetu ya fasihi, hiyo ilikuwa hotuba ya redio yenye picha. Chuo hicho baadaye kilihamia mikononi mwa serikali za Afrika zenyewe, makao yakiwa Nairobi, kwa mkataba wa mwaka 2003. Halafu Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika pwani yetu kwa njia ya bahari, na mwanafunzi wa Dar es Salaam akaanza kuota kwamba naye anaweza kuonekana. Korona ilipofunga vyuo vyetu kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei 2020, yale yaliyokuwa ndoto ya wachache yakawa jambo la kila mtu, angalau kwa mdomo.

Fanani, hadhira na kamera

Mwaka 1989 M. M. Mulokozi aliandika katika Mulika makala juu ya tanzu za fasihi simulizi ambayo karibu kila mmoja wetu ameyapigia msuli kabla ya mtihani. Humo alisisitiza kwamba fasihi simulizi haijulikani kwa matini peke yake. Inajulikana kwa muktadha: fanani, hadhira, tukio, mahali, wakati na ile fani inayotendwa. Ukiondoa kimojawapo, umebadilisha kitu chenyewe. Hebu tuipime Zoom kwa kipimo hicho.

Muhula uliopita nilikuwa katika darasa la namna hii. Kundi letu lilikuwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha hapa nchini na wenzetu wa chuo kimoja cha Ujerumani. Sitavitaja, maana havikukosea kuliko vingine na mimi sipeleki mashtaka.

Tuanze na hadhira. Mtambaji wa ngano hasogei bila kuitikiwa. Akisema "Hadithi, hadithi!" akakuta kimya, anaacha, anakwenda kulala. Katika darasa letu mwalimu wa kule alikuwa akiuliza swali na kuona miraba myeusi ishirini yenye majina. Upande wao kamera zilikuwa wazi, unaona rafu za vitabu na paka anapita. Upande wetu giza. Kikao cha pili mwanafunzi mmoja wa kule aliuliza kwa upole kabisa kama kwenye utamaduni wetu kuna miiko ya kuonyesha uso. Jamani! Tulicheka, halafu tukanyamaza, maana jibu lilikuwa la aibu kidogo: ni bando. Mkutano wa video unaweza kula gigabaiti nzima au zaidi kwa saa moja, na sauti peke yake inakula sehemu ndogo tu ya hiyo. Mtu anayenunua bando kwa pesa ya bumu, ile ile inayonunua wali maharage, anazima kamera bila kuulizwa. Kwa hiyo kile kilichosomwa kama utamaduni kilikuwa uchumi. Mhakiki yeyote aliyewahi kufundishwa kuangalia matabaka ndani ya riwaya angeliona jambo hili ukurasa wa kwanza, lakini kwenye skrini lilijificha vizuri sana.

Wakati nao una vituko vyake. Tanzania haibadilishi saa. Ujerumani inabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi chao tunapishana saa moja, baridi yao saa mbili. Hiyo ni hesabu tu, inahesabika. Kisichohesabika kirahisi ni kwamba Mswahili ana saa yake. Mwakilishi wetu alituma ujumbe kwamba tutakutana "saa 8", naye alimaanisha mchana baada ya chakula. Mwenzetu mmoja wa Ujerumani, kijana mwenye bidii, akaamka alfajiri, akawasha kompyuta, akakaa peke yake kwenye skrini akitungoja sisi ambao tulikuwa tunapiga mswaki. Baadaye tulitumia kikao kizima kueleza kwa nini siku yetu inaanza jua linapochomoza na siku yao katikati ya usiku, na nadhani kikao hicho, ambacho hakikuwemo kwenye mtaala, kilifundisha zaidi ya viwili vilivyokuwemo.

Mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba Zoom yenyewe ndiyo fanani, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani asikike. Hoja ya kuchekesha, sijui kama ina mguu. Mimi naona fanani ni yule aliyepanga orodha ya vitabu. Katika darasa letu orodha ilikuja imeshapangwa nusu, mwalimu wetu akaongeza kitabu kimoja, nacho nitakieleza mbele kwa sababu kiliokoa jahazi.

Ndiva kwenye ramani

Sasa mahali. Hapa nitakaa kidogo.

Mada mojawapo ya darasa letu ilikuwa maji na jamii: tusome jinsi maji yanavyosimuliwa katika fasihi na katika maandishi ya kitaalamu. Mwalimu wa kule akaonyesha ramani ya bonde la Makanya, sehemu ya bonde la mto Pangani. Nikaona mstari mwembamba wa buluu umeandikwa Vudee. Ni kijito ambacho nimekivuka utotoni mara zisizo na idadi, kikiwa hakina kipimo cha mita za ujazo, kina mawe ya kukanyagia na jiwe moja la utelezi.

Kumbe tulikuwa maarufu. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni bonde la Makanya lilikuwa moja ya maeneo mawili ya mradi mkubwa wa utafiti wa kilimo cha wakulima wadogo na maji, lingine likiwa bonde la Thukela, Afrika Kusini. Taasisi ya elimu ya maji ya UNESCO iliyoko Delft, Uholanzi, ilikuwamo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilikuwamo, na watafiti wa Stockholm pia. Shahada za uzamivu zilitoka humo. Mwaka 2011 Marloes Mul na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Agricultural Water Management makala juu ya jinsi wakulima wadogo wa Upare Kusini wanavyogawana maji. Swali lao kuu ni la ukubwa: mgawo unaowezekana kati ya majirani wa mfereji mmoja, unakuwaje ukifika kati ya mfereji na mfereji, na kati ya watu wa mlimani na watu wa bondeni?

Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe kwenye mkondo wa mfereji. Kijito chenyewe hakina nguvu ya kumwagilia shamba moja kwa moja. Maji yangepotelea njiani. Kwa hiyo usiku kucha ndiva inakusanya, asubuhi tundu linazibuliwa, maji yanashuka kwa kishindo na kufika mbali, kila mtu kwa zamu yake. Sisi wa Vudee tuko juu, watu wa Bangalala wako chini, wana ndiva yao ya Manoo iliyotajwa katika maandishi mengi. Tukijisahau juu, wao wanalala njaa chini. Ndiva haidumu bila kutolewa tope na matawi, na kazi hiyo ni ya msaragambo, neno la Kichasu ambalo limeshaingia katika Kiswahili cha mkoa mzima. Asiyekwenda msaragambo anatozwa faini, na kila mtu anajua nani hakuja.

Makala yale niliyasoma yote. Sina ugomvi nayo: yameandikwa kwa heshima, na mambo mengi niliyokuwa nayajua kwa mazoea niliyaelewa kwa mara ya kwanza baada ya kuyaona yamepangwa. Huo ndio uzuri wa jicho la mgeni. Tatizo lilikuwa darasani. Pale kijito kiligeuka mfano. Wenzetu wa kule walijadili "mkulima wa Vudee" kama tunavyojadili sisi mhusika bapa wa riwaya: hana jina, hana utani, hana shemeji Bangalala. Na wenzangu wa kutoka Dar es Salaam na Mwanza walimjadili vile vile! Niliposema kwamba mimi ndiye mtu wa huko, kikao kilisimama kama vile mhusika ametoka kitabuni akavuta kiti.

Hapa historia ya maandishi juu ya Upare inatusaidia kuona kinachobadilika na kisichobadilika. Mwaka 1916 Jakob Dannholz, mmisionari wa Misheni ya Leipzig aliyefanya kazi Upare, alichapisha kwa Kijerumani, kule Leipzig, kitabu juu ya Wasu, yaani Wapare, ambacho jina lake tu linawaonyesha kama watu waliofungwa na imani ya mizimu. Fanani alikuwa amekaa mlimani, amesikiliza, lakini hadhira yake ilikuwa Ujerumani, na waliosimuliwa hawakuweza kuitikia wala kupinga. Mwaka 1969 Isaria Kimambo akatoa historia yake ya kisiasa ya Wapare kuanzia karibu mwaka 1500 hadi 1900. Naye alipata mafunzo ya juu Marekani, naye aliandika kwa Kiingereza. Lakini alijenga hoja kwa masimulizi ya wazee, ukoo kwa ukoo, na aliyesimulia angeweza kumfuata na kumwambia "hapo umekosea". Ndiye pia aliyeandika juu ya mbiru, ule mgomo wa kodi wa miaka ya arobaini ambao uliwashusha Wapare kwa maelfu kutoka milimani hadi Same mjini kumkabili mtawala. Tofauti ya vitabu hivi viwili haiko tu katika rangi ya mwandishi. Iko katika kama msimuliwa ana njia ya kujibu.

Je, mtandao unampa njia ya kujibu? Unaweza, na hapo ndipo mimi si mpinzani wake. Likizo hii nilimwonyesha babu mmoja, jirani yetu aliyewahi kuwa katika kamati ya ndiva, ile ramani kwenye simu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba wanafunzi wa Ulaya wanasoma ndiva zetu. Akaishika simu mbali na macho, akaitazama muda mrefu, akauliza:

"Mwanangu, na hao siku ya msaragambo wanakuja?"

Nikamwambia hawaji babu, wanasoma tu.

"Basi waambie kwanza wa juu hafungui maji kabla wa chini hajaamka. Hilo limeandikwa?"

Sikuwa na hakika. Nilirudi kwenye makala, nikakuta habari za makubaliano ya juu na chini zipo, lakini kwa lugha ambayo babu asingeitambua kuwa ni yake. Nikapeleka swali lake kwenye kikundi chetu cha mtandaoni kama lilivyo, kwa Kiswahili na tafsiri yake. Siku ile kulikuwa na mjadala wa kweli. Mwanafunzi mmoja wa kule alisema kwamba kwao kila mtu hufungua bomba bila kujua nani yuko chini yake. Mwingine akauliza kama darasa letu lenyewe lina wa juu na wa chini.

Zamani vijana wa Kipare walifundwa katika mshitu, msitu uliotengwa kwa kazi hiyo, na mafunzo hayo hayakuwa na maana nje ya miti ile. Sisemi turudi huko. Mambo mengi ya mshitu yameshapita na mengine yalistahili kupita. Nasema tu kwamba kuna maarifa ambayo mahali ni sehemu ya maudhui yake, na skrini inayabeba kama gunia linavyobeba maji. Darasa la mtandao linalojua hivyo litamtuma mwanafunzi wa huku aende kwenye mahali penyewe akaulize na kurudi na jibu. Lisilojua litamwonyesha ramani ya kwao.

Ami au mjomba?

Sasa kile kitabu kilichookoa jahazi. Mwalimu wetu alipendekeza tusome riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, sambamba na Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Wenzetu wasome Kiingereza, sisi tusome Kiswahili, halafu tukutane.

Wengi mnaijua hadithi. Kijana Yusuf anachukuliwa kutoka kwao na tajiri Aziz, ambaye yeye anamwita kwa jina la undugu, kumbe ametolewa kwa sababu ya deni la baba yake. Khalil, kijana mwenzake dukani, ndiye anayemfungua macho kwamba yule si ndugu yake hata kidogo. Wenzetu walisema neno la Kiingereza la undugu lililotumika ni la kawaida tu, watoto huwaita hivyo hata marafiki wa baba. Sisi tukawauliza: ni ndugu wa upande gani? Hawakuelewa swali. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama; Kijerumani nacho, walituambia, hivyo hivyo. Kiswahili hakikuachii. Ami au baba mdogo ni wa upande wa baba, mjomba ni wa upande wa mama, na haki zao juu ya mtoto hazilingani. Mtafsiri hana budi kuchagua, na akichagua ameshatia ndani ya uwongo wa Aziz ukoo mzima ambao Kiingereza kilikuwa kimeuficha.

Na deni? Wao walilishughulikia suala la mtoto kuchukuliwa kwa deni kama jambo la kihistoria, la misafara, la zamani. Kwetu neno rehani liko dukani leo. Watu wanaweka rehani baiskeli, shamba, hata kadi ya benki. Dada mmoja wa upande wetu alisema alipokuwa akisoma hakumwona Yusuf wa karne iliyopita, alimwona binti wa kazi wa jirani anayeitwa "mtoto wa nyumbani" na halipwi. Kule kimya. Halafu binti mmoja wa Kijerumani akasema kwamba sasa lazima aisome upya riwaya yote.

Nimeshahudhuria semina nyingi, na nasema bila kutia chumvi kwamba sijawahi kuona uhakiki linganishi ukifanya kazi vizuri namna ile. Sababu yake si teknolojia. Ni kwamba kila upande ulikuwa na kitu ambacho upande wa pili haukuwa nacho, na kitu chetu kilikuwa lugha yetu. Kwa saa ile moja hatukuwa data.

Lugha, alama na kazi ya bure

Kuna mtego hapo hapo lakini. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vingi vya nje, kuanzia Leipzig na Bayreuth hadi London, na tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa siku yake duniani, mwaka 2021, hamu imezidi. Vyuo vinatafuta wazungumzaji. Ni rahisi sana mwanafunzi wa huku akageuzwa mashine ya mazoezi: unamsahihishia mtu ngeli wiki nane, yeye anaondoka na Kiswahili safi, wewe unaondoka na "asante sana rafiki". Kama ni mabadilishano, na yawe mabadilishano. Nusu ya vikao iwe Kiswahili, na insha za Kiswahili zisahihishwe na mwalimu wa Kiswahili.

Alama nazo. Katika darasa letu wenzetu walihesabiwa kozi ile katika shahada yao. Sisi tulipewa cheti cha kuhudhuria, kizuri, chenye nembo mbili. Kazi ilikuwa moja. Hili wahadhiri wetu wanaweza kulirekebisha bila dola hata moja kutoka nje, kwa kikao kimoja cha idara.

Kuna wenzangu wanaosema mtandao ni ujanja wa nchi tajiri kutuzuia tusiende kwao: badala ya viza, kiungo cha Zoom. Siwezi kusema hawana hoja. Mtu akikaa Leipzig mwaka mzima anajifunza mambo ambayo hakuna skrini itampa, hata kama ni baridi na upweke tu. Lakini nawauliza, katika darasa lenu, wangapi waliwahi kwenda? Mmoja? Hakuna? Hao waliobaki ndio ninaowafikiria. Darasa la mtandao lisiwe sababu ya kufuta nafasi chache za safari zilizopo, na nafasi chache hizo zisiwe sababu ya kulidharau.

Muhula ujao darasa letu linarudiwa, na tumeambiwa safari hii wanafunzi wa pande zote mbili watapendekeza matini. Mimi nimependekeza mambo matatu: mafaili ya masomo yawe madogo, ya kupakuliwa usiku bando likiwa rahisi, saa iandikwe kwa namna zote mbili, na insha za mwisho zinazoitaja Vudee zitafsiriwe Kiswahili, zichapwe, nakala moja iletwe ofisi ya kata. La tatu limeleta ubishi, kwani mwalimu mmoja anaona wanafunzi wataogopa kuandika kwa uhuru wakijua wazee watasoma. Mimi naona ndiyo maana yake. Mwenye hoja tofauti na aandike, kurasa za jarida hili ziko wazi.